Fundi Kalipwa, Dereva Kalipwa, Mwalimu wa Drama Je?

Nina kaunta buku moja ambayo nimehama nayo nyumba tatu. Jalada lake limetoka, mgongo umeshikiliwa na selotepu, na kwenye ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa wino mwekundu: DRAMA 2019. Humo mna majina ya waigizaji, namba za simu za wazazi, na michoro ya jukwaa inayofanana na ramani ya shamba lenye kesi mahakamani. Kuelekea nyuma kuna matumizi. Gundi ya mbao, 180. Kitambaa cheusi mita sita, 1,200. Boda hadi tao na kurudi, 200. Mkate na soda za Jumamosi, 640. Dawa ya koo ya mwigizaji mkuu, 90. Jumla ya wiki hiyo moja ni shilingi 2,310, zote za mfukoni mwangu.

Nilirudishiwa 1,200. Kitambaa ndicho peke yake kilichokuwa na risiti.

Kabla ya kuingia chumba cha habari nilifundisha Kiswahili na Dini katika shule ya upili ya umma magharibi mwa Kenya, na miaka yote hiyo nilikuwa mwalimu wa drama. Hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo. Wiki niliyoripoti, naibu wa mwalimu mkuu aliniuliza kama niliwahi kuigiza chuoni. Nikasema niliigiza kidogo. Kesho yake jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya majukumu iliyobandikwa katika chumba cha walimu, chini ya mwalimu wa mpira wa wavu na juu ya yule wa skauti. Karatasi ile ilikuwa na safu mbili: jukumu, na mwalimu. Sikufikiri wakati huo kwamba ingeweza kuwa na safu ya tatu.

Mazoezi tulifanyia katika bwalo la chakula. Saa tisa na nusu kengele ikilia, wavulana walisukuma meza ukutani, wasichana wakafagia maharagwe yaliyodondoka mchana, na njiwa wawili waliokaa kwenye boriti wakahamia upande wa jikoni kana kwamba nao walikuwa kwenye orodha. Tulianza kwa sauti, kisha mwili, kisha onyesho lililotusumbua jana. Saa kumi na mbili kamili mpishi aligonga sufuria kwa mwiko, na hapo hata mfalme aliyekuwa akikata roho sakafuni aliinuka akapanga meza. Mpishi alikuwa na saa yake ya kutoka kazini, na aliilinda. Nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyomwambia.

Juzi nilikaa na ile kaunta buku nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya nikiwa kazini. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimepanga siku ya shule ya kutwa hivi: masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na moja kasorobo, Jumatatu hadi Ijumaa. Yaani dakika 75 kwa siku. Sisi tulienda hadi saa kumi na mbili, na Jumamosi tukawa na mazoezi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ukijumlisha ni saa 17 na nusu kwa wiki. Mzigo wangu darasani ulikuwa vipindi 27 vya dakika 40, ambavyo ni saa 18. Kwa maneno mengine, kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Machi nilikuwa na kazi mbili zinazolingana, isipokuwa moja ilizidi nyenzake kwa nusu saa, na ni hiyo tu iliyokuwa na mshahara.

Wiki zilikuwa 11. Ukiziondoa zile dakika 75 za kila siku, ambazo mtu anaweza kusema ni sehemu ya ajira yangu, zinabaki saa 123 na dakika 45. Hizo ni karibu wiki saba za kufundisha. Bado sijaweka zile siku tulizolala nje, mbili za tamasha la kaunti na tatu za lile la kanda, ambapo mwalimu hulala kwenye darasa la shule mwenyeji, godoro mlangoni, ili anayetoka usiku amruke.

Payslipu yangu ya Machi 2019 ninayo. Ukiiweka karibu na ile ya Septemba, mwezi ambao hakuna drama, hutaona tofauti. Kuna mshahara wa msingi, kuna marupurupu ya nyumba na ya usafiri. Wenzetu wa maeneo kame wana ya mazingira magumu. Mara moja kwa mwaka kuna ya likizo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haina marupurupu ya jukwaa. Ilichokuwa nacho ni kipengele kwenye TPAD, ile fomu ya kutathmini utendakazi, kilichouliza mwalimu amekuza vipi shughuli za nje ya darasa. Kwa hivyo kazi ilitambuliwa vizuri sana pale ilipohitajika kupimwa.

Nisieleweke vibaya kwamba shule hazina pesa za drama. Zinazo, hata kama huchelewa. Tangu 2018 serikali ilipopanga kutuma shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, 1,500 kati ya hizo ziliwekewa alama ya shughuli za ziada. Fungu hilo hugawanywa kwa kandanda, riadha, muziki na mengine mengi, lakini hata drama hupata chake. Ukitaka kujua kinakokwenda, simama nje ya basi asubuhi ya tamasha. Fundi wa cherehani aliyeshona maleba amelipwa. Seremala wa mlango wa uongo amelipwa. Dereva ana posho ya kulala nje. Mwenye spika hatoi waya kabla ya M-Pesa kulia. Shule imelipa ada ya kushiriki. Anayepanda basi huku akihesabu watoto kwa kidole, ambaye mmoja wao akipotea ndiye atakayeandika barua ya kujieleza, huyo ndiye pekee asiye na vocha.

Na yuko mwingine anayelipwa, ambaye walimu humzungumzia kwa sauti ya chini: mgeni.

Mgeni wetu alikuja Januari 2020 na Probox nyeupe. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye mswada mkononi na mingine mitatu kwenye kipakatalishi endapo huo haungempendeza mwalimu mkuu. Naibu alimleta bwaloni. Alisema, “Mwalimu, utamsaidia bwana huyu kidogo.” Kidogo ile ilikuwa na maana ya kuita majina, kutafuta aliyejificha bwenini, kutuliza mzazi aliyetaka kujua kwa nini binti yake anacheza mlevi, na kuomba ruhusa kwa mwalimu wa hisabati ambaye hadi leo hajanisamehe. Yeye alifika Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine nne nilirudia na wanafunzi aliyowafundisha, ili asikute wamesahau.

Kazi yake ilikuwa nzuri, nakiri. Alijua kupanga miili jukwaani kuliko nilivyojua mimi, na alikuwa na sikio la kicheko. Tulishinda kaunti. Kwenye kijitabu cha ratiba palichapishwa: mtunzi na mwelekezi, jina lake. Chini, kwa herufi ndogo: mlezi, jina langu, likiwa limekosewa.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba mgeni huingia kwenye vitabu kama huduma za kitaalamu: kuna makubaliano, kuna vocha, kuna sahihi, mkaguzi akija anaona. Mimi nikilipwa, mkaguzi atauliza kwa nini mtu ambaye tayari analipwa na TSC amepewa pesa za shule. Akaongeza kwamba angeweza kuninunulia chakula cha mchana. Nilitoka ofisini nikijua jambo moja ambalo sikulijua nilipoingia. Kumbe hakuna aliyekaa akaamua kwamba jasho la mwalimu halina bei. Ni kwamba fomu ya kumlipa haijachapishwa, na mahali pasipo na fomu kila mtu huendelea na shughuli zake.

Ila hadithi ya mgeni haikuishia pale. Katikati ya Machi 2020 korona ilifunga shule zote, tamasha likafa katikati ya msimu. Yeye alikuwa amelipwa nusu ya kwanza; nusu ya pili ilingoja kanda ambayo haikuja. Mei alinipigia simu. Baada ya kuuliza habari za nyumbani mara tatu, akaniomba nimsemee kwa mwalimu mkuu. Mimi mshahara wangu ulikuwa umeingia Aprili na ungeingia Mei, kwa kuwa walimu wa TSC waliendelea kulipwa. Yeye hakuwa na hata bima. Na mwalimu kijana wa Bodi ya Usimamizi aliyetusaidia kwenye dansi, ambaye shule yenyewe ndiyo ilimlipa kutoka kwa karo, alikuwa amerudi kwao kuuza mboga. Tangu siku hiyo sijaweza kumchukia mgeni kama walimu wengine wanavyomchukia. Wengi wao ni watoto wa tamasha hilihili, waliotuzwa vikombe wakiwa kidato cha nne na kukuta nje hakuna jukwaa linalolipa isipokuwa lile walilotoka.

Swali la mgeni lilifika kitaifa mwaka 2025. Taifa zima lilitazama wasichana wa shule ya Butere waliokuwa wameleta mchezo wa “Echoes of War” kwenye fainali za Nakuru. Mtunzi wake ni Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, ambaye mwaka 2013 mchezo wake mwingine wa Butere, “Shackles of Doom”, ulipigwa marufuku hadi mahakama ikauruhusu. Safari hii pia mahakama iliingilia kati. Malala akakamatwa alipokwenda kuwafanyisha mazoezi, vitoa machozi vikarushwa, na asubuhi ya Aprili 10 wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza.

Mengi yameandikwa kuhusu siku hiyo, na yaliyo mazito zaidi ni ya uhuru wa kusema, hayo siyarudii. Mimi lilinigusa jambo dogo la pembeni. Upande wa serikali uliuliza kwa nini mtu asiye mwalimu anawaongoza wanafunzi. Kwa jumla ni swali halali, na halikuwa na haja ya polisi. Lakini aliyeuliza hakusubiri jibu, na jibu liko kwenye vitabu vya hesabu vya shule nyingi nchini. Mwelekezi wa nje analipika. Wa ndani halipiki. Shule inayotaka kombe itanunua kile ambacho fomu inaruhusu kununuliwa. Ukiwafukuza wageni wote kesho kwa waraka mmoja kutoka wizarani, saa zao zitamwangukia mwalimu yuleyule, bila shilingi, na kaunta buku yake itakuwa nene zaidi.

Mazoea haya yametoka mbali. Tamasha la kitaifa la drama la shule lilianza mwaka 1959, miaka minne kabla ya uhuru, lakini mtindo wa mwalimu kutoa jioni zake kwa jukwaa ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika shule za bweni za wamisheni. Pale Alliance, Kikuyu, enzi za Carey Francis aliyekuwa mwalimu mkuu kutoka 1940 hadi 1962, Shakespeare aliigizwa kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo 1955 hadi 1958, ameyasimulia katika kumbukumbu zake. Francis hakuoa. Aliishi ndani ya boma la shule, na shule ndiyo iliyokuwa maisha yake. Kwa mwalimu wa namna hiyo mazoezi ya jioni hayakuwa saa za ziada, kwani hakukuwa na nyumba nyingine iliyomngoja upande wa pili wa mlima. Sisi tulirithi jioni zile bila kurithi nyumba ya ndani ya boma. Mwalimu wa leo amepanga mjini, anapanda matatu, ana mkopo wa sacco na mtoto ambaye yaya wake huondoka saa kumi na moja. Mwenzangu mmoja wa kike aliyeongoza ngonjera alikuja na mwanawe mazoezini karibu kila siku. Mtoto alijifunza beti zote, akalala juu ya meza ya bwalo amefunikwa leso. Wanaume tulimwona kama mapambo ya mazoezi. Hatukumuuliza mama yake jioni hizo zinamgharimu nini.

Ukilileta jambo hili katika chumba cha walimu, jibu la kwanza ni kwamba ualimu ni wito. Mwenye nyumba wangu hakuwahi kukubali wito mwisho wa mwezi. Jibu la pili lina uzito zaidi: ukimlipa wa drama, wa kandanda atasemaje? Na wa kwaya, wa skauti, wa kongamano la sayansi? Mimi nasema nao walipwe, kila mmoja kwa kadiri ya saa zake, na wa klabu inayokutana mara mbili kwa muhula asijilinganishe na wa kwaya.

Jambo hili limefanyika kwingine, na haliko sawasawa huko pia. Nchini Marekani sheria ya kazi ya 1938 inawanyima walimu malipo ya saa za ziada, na kanuni inayoifafanua inataja kwa jina mwalimu anayefunza timu na anayesimamia drama: hao wote, inasema, wanafundisha tu. Kwa kuwa mlango huo umefungwa, vyama vya walimu viliingilia dirishani. Katika wilaya nyingi za elimu mkataba wa pamoja una jedwali la majukumu ya ziada, kila jukumu na kiasi chake kwa msimu. Mwelekezi wa mchezo wa kuigiza yumo. Kocha mkuu wa kandanda ya Kimarekani pia yumo, kwa kawaida juu yake, na ugomvi wa wawili hao hauishi. Walimu wa drama wa huko hulalamika kwamba ukigawa kiasi kile kwa saa walizotumia, unapata senti. Sawa. Lakini wana kitu cha kugawa.

Uingereza walianza na saa. Katika shule za umma, mwalimu mkuu anaweza kumpangia mwalimu kazi za saa 1,265 kwa mwaka, katika siku 195, na waraka huohuo wa mishahara unaruhusu malipo ya ziada kwa shughuli za kujifunza nje ya saa za shule zilizokubaliwa kati yao. Wengi wao huongoza michezo bila malipo vilevile, kwa mapenzi yao. Tofauti ni kwamba anayekataa ana namba ya kuonyesha.

Ndiyo maana, kama ningeulizwa tuanzie wapi, ningeanza na saa kabla ya shilingi. Punguza vipindi vya mwalimu wa drama muhula wa kwanza kutoka 27 hadi 20, na vile saba mpe mwalimu mwingine kwa maandishi. Dakika 75 za kila siku ziwe zake kikazi. Kinachozidi hapo, Jumamosi na usiku wa safari, kilipwe posho kupitia fungu lilelile linalomlipa dereva, kwa idhini ya TSC iliyoandikwa ili mkaguzi asishtuke. Nilipowaeleza wenzangu wa zamani mpango huu walicheka. Mmoja, mwenye watoto wawili chuoni, alisema nibaki na vipindi vyangu saba, yeye apewe pesa. Namwelewa. Mkataba wa pamoja kati ya TSC na vyama vya walimu wa miaka ya 2025 hadi 2029 ulitiwa saini Julai 2025, ukiwa wa shilingi bilioni 33.8, na miongoni mwa wenzangu hao hakuna aliyetarajia kuona neno jukwaa ndani yake.

Kuna pia jambo la mswada. Mchezo wa 2019 niliutunga mwenyewe, usiku, kwenye meza ya jikoni. Ulihusu chifu anayefungia kisima cha kijiji kufuli. Miaka miwili baada ya kuacha kufundisha, mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia video kwenye WhatsApp: shule nyingine, kaunti nyingine, chifu yuleyule, kufuli lilelile, na kichwa kipya. Walikuwa wamebadilisha wimbo wa mwisho, ukawa bora. Nilikasirika kwa siku mbili kisha nikaenda kusoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Inasema kazi iliyobuniwa katika ajira huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa kama mmeelewana vingine. Mwajiri wangu alikuwa TSC. Je, TSC iliniajiri kutunga michezo? Kama ndiyo, yale malipo yako wapi? Kama siyo, mchezo ni wangu, na shule iliyoutoa kabatini mwake ilitoa mali isiyo yake. Mgeni naye, kwa sheria hiyo, akiagizwa kazi haki huenda kwa aliyeagiza, lakini yeye hukaa mezani kabla ya kuanza na anaweza kuandikisha vingine. Mwalimu hakaribishwi kwenye meza hiyo kwa sababu anadhaniwa tayari yuko ndani.

Huenda mambo yakabadilika kwa njia ambayo hakuna aliyeipangia. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu waliyochagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao ndani yake kuna somo la maigizo na filamu. Somo lina vipindi, lina tathmini, lina mwalimu anayeajiriwa kwa ajili yake. Kile tulichokifanya gizani baada ya kengele sasa kiko kwenye ratiba mchana kweupe. Ningependa kushangilia, ila najua shule zilivyo. Tamasha litaendelea kuwa la jioni na Jumamosi, na mwalimu wa somo hilo ataambiwa kwamba tamasha ni sehemu ya somo lake, basi asilete habari za posho. Mpaka kati ya darasa na tamasha lazima uandikwe sasa, wakati bado hakuna aliyeuzoea.

Mapema mwaka huu binti mmoja niliyemfundisha, ambaye mwaka wa 2019 aliigiza mke wa chifu, alinipigia simu. Amepata kazi ya ualimu katika kaunti jirani na, kama nilivyotarajia, jina lake limebandikwa ukutani. Alikuwa ameomba nimtumie picha za ile kaunta buku, kurasa za nyuma, ajue pa kuanzia. Nilizituma. Simu hii alitaka ushauri: fundi wa maleba hatoi risiti, na mhasibu wa shule hamlipi mtu kwa maneno.

Nikamwambia, “Mwandike fundi kwenye kitabu, tarehe na kiasi, kisha atie sahihi mbele yako. Watakubali.”

Nilimsikia akiandika. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya mke wa chifu ambayo hajaiacha, “Na hizi saa zangu, mwalimu? Nitatiliwa sahihi na nani?”